Vigae vya bafu dogo: anza na mistari, rangi baadaye

Kama unachagua vigae vya bafu dogo, hasa eneo la beseni la kuogea na bomba la mvua, angalia kwanza mistari itakayoonekana. Kila kiungo kati ya kigae na kigae ni mstari, na mistari mingi ndiyo inayokatakata ukuta na kulifanya bafu lionekane finyu. Ukutani weka vigae vikubwa, mfano sentimita 30 kwa 60, na grauti (mchanganyiko wa kujazia viungo) ya rangi inayokaribiana navyo. Vipandishe hadi darini. Ukiviishia usawa wa kichwa, jicho hukomea hapohapo na dari huonekana imeshuka.

Sakafu ya kuogea ni habari nyingine kabisa. Hapo vigae vidogo, vya sentimita 5 hivi, ndivyo bora: vinafuata mteremko wa kuelekea tundu la maji bila kukatwa ovyo, na viungo vyake vingi vinaupa mguu mshiko. Tafadhali usiweke vigae vinavyong'aa sakafuni, hata ukivipenda namna gani. Vikilowa na sabuni vinaangusha watu.

Ukipenda maua au nakshi, chagua ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya beseni. Kuta nyingine ziwe tulivu.

Kabla ya kulipa, chukua kigae kimoja ukakilowanishe bafuni kwako, chini ya taa yako. Kisha nunua asilimia 10 zaidi, vyote vya toleo moja, yaani vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani, maana rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo.