Kumrudishia Anayeharisha Maji na Chumvi

Mwili huchunga chumvi ya damu kwa ukali: sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, inatakiwa kuwa kati ya milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 135 na 145 kwa lita. Maji yakipungua, ubongo huleta kiu na kutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, ndipo mkojo huwa kidogo na wa manjano iliyokolea. Ila figo hubana yaliyobaki tu. Yaliyokwisha kutoka lazima yanywewe. Na maji matupu hayatoshi, kwa sababu kuharisha huondoa chumvi pia.

Bora zaidi ni pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwani ina potasiamu, madini ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Soma imeandikiwa maji kiasi gani, pima kiasi hicho hasa, kisha mimina unga wote. Usigawe pakiti kwa kukadiria.

Kama haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Futa kila kijiko kwa mgongo wa kisu kisibaki na kilima. Koroga mpaka chembe zote zipotee, kisha onja kabla ya kumpa mgonjwa: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha glukosi (aina ya sukari) na sodiamu zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Mara nyingi mlango huo hufanya kazi hata mtu akiharisha. Sukari ikizidi, huvuta maji kurudi ndani ya utumbo na kuharisha huongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi: mtoto anaweza kupata degedege.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mtoto mdogo mpe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Usikate tamaa, kwa kawaida sehemu kubwa hubaki tumboni. Anayenyonya aendelee kunyonya, na chakula kisisimamishwe. Maji ya mchanganyiko yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mpime hivi: finya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha iachie. Inatakiwa irudi papo hapo. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, au macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu, mpeleke hospitali mara moja. Kama anaweza kumeza, endelea kumnywesha njiani.