Paka watano sufuria moja: chakula cha majimaji bila kufilisika

Nina paka watano, niko Dar, ghorofa ya pili, na sikupanga kuwa na paka watano, nilikuwa na mmoja tu akazaa kabla sijapata akili ya kumpeleka akafungwe kizazi ndo tukafika hapa. Kwahiyo hesabu za msosi wao nazijua kwa machungu. Vile vipakiti vya dukani vya gramu 85, paka mkubwa ukimlisha hivyo tu bila kitu kingine anamaliza kama vitatu kwa siku, mara watano ni 15, mara siku 30 ni 450. Vipakiti mia nne na hamsini kwa mwezi, na mimi bado sijala.

Sasa mtu atasema wape kile kikavu cha punje yaishe. Sawa, ila paka asili yake ni jangwani, kiu yake ndogo, amezoea maji yake yaje ndani ya windo. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10, cha majimaji kinafika 75 na zaidi. Na madume ndo wenye shida, njia yao ya mkojo nyembamba, ikiziba paka anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Ukiona dume anachuchumaa anakamua mkojo hautoki usisubiri asubuhi, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Kabla ya sufuria nataka tuelewane kitu kimoja maana nilikosea hapa. Nilianza kuwapa ugali na dagaa kwasababu paka wa bibi kijijini walikula hivyo miaka yote na walikuwa wanene. Miezi michache manyoya yakawa kama ufagio, mmoja anaharisha kila wiki. Kumbe wale paka wa bibi ugali ulikuwa kiamsha kinywa tu, kazi yenyewe walifanya usiku ghalani, panya, mijusi, panzi, ndege. Panya mzima ni sahani kamili, ana nyama, moyo, ini kidogo, mifupa, na sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Wangu wako ghorofani, panya watamtoa wapi? Kwahiyo sufuria lako ndo linatakiwa liige panya, ukilishika hilo mengine yote yanafuata.

Ninavyofanya mimi, nusu ya chakula chao inatoka kwenye punje na nusu kwenye sufuria. Punje ziwe za paka, sio za mbwa, kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mbwa anajitengenezea mwenyewe mwilini lakini paka hawezi kutengeneza cha kumtosha, lazima akile, akikikosa muda mrefu anapofuka na moyo unachoka (hii ya moyo wataalamu waliithibitisha 1987, si zamani sana). Paka wa kilo 3 na nusu au 4 anatosha na robo kikombe cha punje kwa siku, unagawa mara mbili, unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 mpaka zivimbe. Hapo tayari una chakula cha majimaji na hujawasha hata jiko! Vitamini zote zile ambazo huwezi kuzipata sokoni zinatoka humu, kwahiyo hata hela ikibana vipi punje usizitoe.

Halafu sufuria. Jumamosi naenda kwa wauza kuku, sio kununua kuku, nanunua vile vinavyobaki: shingo, migongo, vichwa, firigisi, mioyo. Mioyo ndo dhahabu, taurini imejaa humo na watu wengi hawaitaki kwahiyo haina bei, ukizoeana na muuzaji anakuwekea. Moyo wa ng'ombe pia mzuri, mmoja unakula wiki. Maini wanayapenda kufa lakini usiendekeze, kwa paka watano wiki nzima robo kilo isizidi, vitamini A ikizidi inaharibu mifupa yao. Mapafu ni ya kujaza tumbo tu, ni rahisi lakini hayana kitu. Bandama kidogo sana la sivyo utafua mazulia.

Kwa wiki navunja kama kilo tatu na nusu mpaka nne hivi mbichi ukihesabu na mifupa ya shingo, baada ya kuchemsha na kuchambua napata kilo mbili na nusu hivi, ambayo ni kama gramu 70 kwa paka kwa siku. Maji yafunike nyama tu, moto mdogo, dakika 40. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, hakuna zile poda za mchuzi za pakiti maana ndani yake kuna vitunguu vya kusagwa na kitunguu kinavunja damu ya paka taratibu bila wewe kujua. Kwahiyo mchuzi wenu wa pilau uliobaki sio wake hata akilia kama mtoto. Mi huwa nachemsha kwenye makaa yaliyobaki baada ya maharage, gesi naitunza.

Ikiiva acha ipoe uchambue mfupa wote, hapa usiwe mvivu, mfupa uliopikwa unachanika vipande vyenye ncha na kipande kimoja kwenye utumbo kitakugharimu kuliko chakula cha mwaka. Nyama ichambue au ipige kwenye kinu (kinu cha paka kiwe cha paka, mama mkwe wangu bado ananisema kwa hilo). Supu yake USIMWAGE, taurini nyingi imeyeyukia humo, irudishe kwenye nyama. Na kwa vile umetoa mifupa lazima urudishe chokaa ya mifupa (kalsiamu) kwa njia nyingine: maganda ya mayai, yaoshe, yakaushe kwenye kikaango, yasage mpaka yawe kama unga wa ngano kabisa, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama iliyoiva. Maganda naomba kwa mama wa chipsi hapo chini, anayo ya kumwaga.

Gawanya kwenye makopo ya majarini au ya mtindi, kila kopo la siku moja. Mawili yanakaa chini kwenye friji, mengine juu yagande. Umeme ukikatika mpaka vikayeyuka vikapata joto, usigandishe tena. Kama huna friji nunua ya siku hiyohiyo, au tegemea dagaa wakavu.

Samaki sasa. Watu wa pwani tunaona paka na samaki ni kitu kimoja lakini mi nawapa siku mbili kwa wiki basi. Vibua nafuata soko la samaki la Feri asubuhi mnada ukishapoa, vile vilivyopondeka vichwa bei inashuka, ila kupondeka na kuoza ni vitu viwili, macho yakizama na mashavu yakawa kahawia mwachie mwenyewe. Wachemshe, usimpe mbichi, kuna samaki wabichi wenye kitu kinachokula vitamini B1 na paka anaanza kuyumba kama mlevi, moto unakiua hicho kitu. Jodari mtupu kila siku pia hapana. Na kama unaokota vya bure kwa wavuvi angalia wasikupe bunju, yule anayejivimbisha, sumu yake hata ukimpika haitoki.

Dagaa wakavu waloweke saa nzima, wachemshe, maji ya kwanza mwaga maana yana chumvi na mchanga, kisha watwange na mifupa yao, hao mifupa yao ni laini kwahiyo ganda la yai siku hiyo ruka. Walioko Mwanza mna mapanki na Kisumu mna mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa, nyama iliyobaki kwenye ule uti ni nyingi tu ukiwa na subira, lakini uti wenyewe tupa.

Usiwabadilishie ghafla. Siku ya kwanza kijiko kimoja cha kipya kwenye cha zamani, unaongeza polepole wiki nzima. Paka akigoma kula siku nzima mrudishie alichozoea, usimkomoe kwa njaa kama mtoto, paka akikaa bila kula siku kadhaa ini linajaa mafuta na hasa akiwa mnene.

Kwenye kulisha kila mtu na bakuli lake na wakae mbalimbali. Wangu mmoja tunamwita Chairman anameza chake kwa dakika moja halafu anaanza ziara, kwahiyo huyo anakula bafuni mlango umefungwa. Asubuhi na jioni, nusu saa kikibaki naondoa, joto la Dar halisamehe. Sisimizi weka bakuli ndani ya sahani yenye maji. Watoto wa paka wale mara tatu nne kwa siku, na anayenyonyesha mpe kadri anavyotaka, tena kwake punje za watoto ndo nzuri. Maziwa ya ng'ombe sahau, wengi wakishakua yanawaharisha. Kila mwezi simama kwenye mzani na paka mkononi kisha bila paka, na mpapase mbavu, uzisikie kwa kidole lakini usizione kwa macho. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, unaweza kuwa unalisha minyoo ukadhani paka ana tamaa.

Vipakiti vya dukani bado nanunua, vinne vitano kwa mwezi, kwa ajili ya kufichia dawa na kwa yule mzee wetu akikataa kula.

Tarehe 25 kuendelea mfuko ukikauka mi napunguza nyama, naongeza punje kidogo na maji zaidi, na nachemsha mayai mawili nawagawia watano siku moja ndani, siku moja nje. Kijiko cha wali laini hakiwadhuru, kinajaza bakuli tu, ila ukiona wali umekuwa mwingi kuliko nyama ujue umeshaanza kulisha kuku.