Ziara ya bendi ndogo: jinsi ya kurudi nyumbani mkiwa bado mnasalimiana

Watu wakiona picha za bendi iko ziarani wanadhani ni shoo kila usiku na kulala mpaka mchana, ila hebu piga hesabu mwenyewe: siku ina masaa 24, jukwaani mnakaa dakika 40 kama mmekuja kufungua shoo ya wengine, saa moja na nusu kama nyie ndo wenye shoo, masaa yote yaliyobaki ni kukaa kwenye gari, kubeba vyombo, kusubiri, kubeba tena. Mimi nimezunguka na bendi ya indie isiyo na lebo wala meneja, watu watano na vani moja, napiga besi na hela nikawa nashika mimi kwa sababu siku ya kupangiana kazi nilichelewa kufika. Na nilichokiona ni kwamba bendi haivunjikii jukwaani, inavunjikia siti ya nyuma. Kwahiyo maelekezo haya mengi ni ya hayo masaa ambayo hakuna anayepiga picha.

Anzeni na ramani, sio tarehe. Promota wa mji wa kaskazini anakupa Alhamisi, wa kusini anakupa Ijumaa, wa kaskazini tena anakupa Jumamosi, na nyie kwa hamu ya kupiga mnakubali zote, mnajikuta mnapita barabara ileile mara tatu mkichoma mafuta kuliko malipo. Pangeni mzunguko, mnatokea huku mnarudia kule, na umbali kati ya shoo na shoo usizidi masaa matano. Hayo masaa ya ramani ya simu nayo msiyaamini, ramani inadhani mko kwenye gari dogo tupu na hakuna mtu anayeenda haja, sisi tulikuwa tunaongeza robo, masaa 4 tunayahesabu 5, na mara nyingi tulifika kwa bahati. Kila baada ya shoo tano au sita wekeni siku tupu. Inauma kwa sababu ni siku ya kula hela bila kuingiza, lakini nyuzi za gita unabadilisha, koo la mwimbaji hubadilishi. Halafu mkataba usomeni wote, kumbi zingine zinaweka kipengele kwamba msipige sehemu ya jirani kwa wiki kadhaa kabla na baada, mkikiruka mnaweza kukosa malipo.

Wiki moja kabla ya kila shoo piga simu au andika ujumbe, na mtu wa kuuliza awe mmoja, sio watano wanauliza promota mmoja maswali yaleyale. Tunashusha saa ngapi, gari tunaegesha wapi, drams zipo au tunaleta, maiki ngapi, tunapanda jukwaani saa ngapi, nani anatulipa na lini. Tuma na karatasi moja tu yenye mchoro wa jukwaa, nani anasimama wapi na anahitaji laini ngapi za kupitishia sauti, fundi mitambo wa sauti akiipata mapema anakupenda kabla hajakuona. Na ngazi uliza! Mimi sikuuliza, nikakuta ukumbi uko ghorofa ya pili, lifti hamna, na nina sanduku la spika nane za inchi 10 ambalo lina zaidi ya kilo 60. Tulilipandisha wanne, mpiga kinanda akawa anatuelekeza kwa mdomo, na hilo alikumbushwa ziara nzima.

Vani sasa. Kupakia gari ni ufundi na afanye mtu mmoja, wengine wanamletea vitu mlangoni. Vizito chini na mbele, vimegusa ukuta unaotenganisha mizigo na abiria, maboksi ya drams juu yake, magita yasimame au yalale juu kabisa bila kubanwa, na vile vya kutoka kwanza ndo viingie mwisho. Kama gari halina huo ukuta basi hakuna kitu kigumu kuzidi mgongo wa siti bila kufungwa mkanda, maana ukishika breki ya ghafla ampu, yaani kikuza sauti cha gita, inakuja mbele na mwendo uleule mliokuwa nao. Siku ya kwanza mkipata mpango unaokaa vizuri upigeni picha, muibandike ndani ya mlango, saa 8 usiku kwenye mvua hakuna mwenye akili ya kufikiria upya. Upepo wa tairi angalia kile kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kina namba ya gari tupu na namba ya gari lenye mzigo, watu wengi wanajaza ile ya tupu halafu wanashangaa tairi kupasuka.

Wizi upo na hauchagui. Mwaka 1999 Sonic Youth, bendi ya roki ya Marekani, waliibiwa lori zima la vyombo kule California, magita yao waliyokuwa wameyarekebisha kwa miaka kwa ajili ya tyuni zao wenyewe, yote, na hao walikuwa bendi kubwa tayari. Egesheni milango ya nyuma ikiwa imebanwa na ukuta, magita yalale chumbani na nyie, na kila chombo kipigwe picha pamoja na namba yake ya utambulisho (serial) iliyogongwa nyuma, picha hizo zikae mtandaoni sio kwenye simu tu.

Boksi la vipuri ni dogo ila ndo linaokoa shoo: seti tatu za nyuzi, stiki, ufunguo wa drams, ngozi moja ya snea (ile dramu ndogo ya katikati), betri za volti 9, nyaya mbili za jeki za ziada, ekstensheni, gafa tepu, tochi ya kuvaa kichwani, bisibisi na fyuzi za ampu, ampea zilezile zilizoandikwa nyuma ya ampu, usije ukaweka kubwa eti isiungue tena, itaungua ampu yenyewe. Kama besi yako inatumia betri, chomoa jeki ukimaliza kupiga, kwa sababu betri inaanza kuliwa pale jeki inapoingia, sio pale unapopiga. Hili nililijua jukwaani katikati ya wimbo wa pili, sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyoko mbali halafu ikapotea, na mimi naangalia vidole vyangu kama vyenyewe ndo vimeharibika. Na waya wa gita usiutumie kuunganisha ampu na spika hata kama jeki zinafanana, ule mwembamba wa ndani haukutengenezwa kubeba umeme wa spika. Ampu ya taa, ile yenye mirija ya kioo ndani, ndo kabisa, usiiwashe bila spika.

Kwenye umeme sina utani. Mkisikia mngurumo kwenye spika, kwanza chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja, mara nyingi unaisha hapo hapo. Atatokea mtu atasema kata ule mguu wa tatu wa plagi, ule wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, mngurumo utakufa. Ni kweli unaweza kufa, na mpiga gita pia. Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi. Ukiona midomo inapigwa shoti kidogo ukigusa maiki, acha, ita fundi, watu wasubiri. Na mkivuka nchi kumbukeni adapta ya plagi haibadilishi umeme, inabadilisha umbo la miguu tu, Marekani ni volti 120, Japani 100, nchi nyingi za Afrika na Ulaya ni 220 mpaka 240, kwahiyo soma nyuma ya kila chaja kabla hujachomeka.

Saundi cheki, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, inaenda kinyumenyume, wenye shoo wanaanza, wa kufungua anamalizia, ili vyombo vya wa kwanza kupiga vibaki pale pale. Maana yake kama nyie ndo wadogo mtapata dakika 10 milango ikikaribia kufunguliwa, au hamtapata kabisa, mtacheki laini tu kama zinafika. Msinune. Pigeni kipande chenye kelele zaidi na kipande ambacho mwimbaji yuko peke yake, basi, mengine fundi atayapata kwenye wimbo wa kwanza. Jina la fundi mjue mkiingia tu, sio mkiwa na shida.

Masikio: vaeni vizibo, na vya wanamuziki sio vile vya sponji vinavyoua sauti za juu zote. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, kipimo chake ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mpiga drams wetu alibisha mpaka asubuhi moja akaamka anasikia filimbi isiyozimika siku mbili.

Dereva ndo mtu muhimu kuliko mwimbaji, hata kama mwimbaji hajui. Anayeendesha usiku hanywi, hata kimoja, na ajulikane kabla ya shoo sio baada. Kila masaa mawili simameni dakika 15, watu washuke. Mtu aliyekaa macho masaa 17 anaendesha kama aliyekwisha kunywa kidogo, na nyie mliamka saa 2 asubuhi, mkipakia saa 7 usiku tayari mko hapo, kwahiyo kama mnaweza laleni mji uleule muondoke asubuhi. Tulikuwa na sheria moja tu ambayo haijawahi kujadiliwa, anayekaa siti ya mbele pembeni ya dereva halali. Akitaka kulala anahama nyuma na mwingine anakuja. Yeye ndo anasoma ramani, anapokea simu ya promota, anachagua muziki ambao dereva ameukubali, na anamwangalia dereva anavyopepesa macho.

Hela mnalipwa usiku, mkiwa mmechoka, na hapo ndo panahitaji mtu mtulivu. Mikataba ya bendi ndogo iko ya aina mbili tatu: kiasi maalum, asilimia ya mlango, au kile kitakachokuwa kikubwa kati ya hivyo viwili, na mkiweza ombeni hii ya mwisho. Asilimia ya mlango siku zote uliza, kabla ya gharama au baada ya gharama, na gharama zipi. Maana sabini kwa mia baada ya gharama inaweza kuwa sifuri kama gharama anaziandika yeye. Mimi niliwahi kukaa na promota mmoja kwenye kiofisi nyuma ya baa, ananionyesha karatasi, ametoa ya fundi, ya mlinzi, ya matangazo, halafu kuna mstari umeandikwa "mengineyo", mkubwa kuliko sisi. Sikugombana, nilikuwa nimemweka mshkaji wetu mlangoni anahesabu vichwa kwa ile mashine ndogo ya kubonyeza, nikamtajia idadi, tukarudi kwenye mstari ule taratibu, ukapungua. Hesabu pesa mbele yake, andika, pande zote mbili msaini, ondoka. Orodha ya nyimbo mlizopiga nayo itume kwenye chama chenu cha hakimiliki, nyimbo zenu zikipigwa jukwaani zinadai mirabaha hata kama mmezipiga nyie wenyewe, na bendi nyingi haziifuatilii kabisa.

Tisheti na santuri ndo mafuta ya kesho, kwahiyo meza iwe na taa, bei ziandikwe kubwa, na mwanabendi mmoja asimame pale mara tu mkishuka jukwaani, jasho hilohilo. Ukumbi mwingine unakata asilimia ya mauzo, uliza kwenye ile simu ya wiki moja kabla.

Kuhusu kuishi pamoja sina mengi ila haya. Kila mtu apewe posho ya siku, ndogo lakini sawa kwa wote, maana ugomvi mwingi tuliodhani ni wa muziki ulikuwa ni wa njaa. Vipokea sauti vikiwa masikioni mtu hayupo, asisemeshwe. Shoo mbaya isijadiliwe usiku uleule, jadilini kesho yake gari likishatembea saa moja. Na kila siku mtu atoke peke yake nusu saa, atembee, asiulizwe alikuwa wapi.

Mkipanda ndege, betri za ziada na pawabenki zinaingia kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi mizigoni, mwisho ni watt-saa 100 bila ruhusa ya shirika, na ile ya mAh 20,000 ni kama 74 hivi kwahiyo inapita. Mipakani, kwa nchi zinazoikubali, kuna karatasi inaitwa ATA Carnet, inaorodhesha vyombo vyote na namba zake ili forodha wasikutoze kama umekuja kuviuza, inadumu mpaka mwaka mmoja, na kila mpaka lazima igongwe muhuri hata kama afisa anakwambia pita tu.

Mwisho wa usiku, gari likishajaa, mtu mmoja anarudi ndani na tochi peke yake. Nyuma ya pazia, chini ya drams zilipokuwa, chooni, kwenye soketi zote za ukutani. Sisi pedali ya kiki, ile ya kupigia dramu kubwa kwa mguu, tuliiacha kilomita 300 nyuma kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaangalia, na kesho yake mpiga drams alipigia pedali ya kuazima iliyokuwa inalia kama mlango wa kabati, na kwenye rekodi ya shoo hiyo inasikika mpaka leo.