Jinsi ya kuomba nafasi ya kusomea sheria ya mazingira Vermont, Marekani

Vermont Law and Graduate School, shule ya sheria katika jimbo la Vermont, haiko jijini, wala si tawi la chuo kikuu chochote. Iko South Royalton, kijiji kidogo kando ya mto White River, na imejitegemea tangu 1972. Kituo chake cha sheria ya mazingira kilianza 1978, na ndicho kilichoipa sifa. Hadi 2022 iliitwa Vermont Law School, kwa hiyo usishtuke ukikuta majina mawili kwenye karatasi.

Kabla ya kugusa fomu, amua unaomba shahada gani. Wengi hujikwaa hapa. JD ndiyo shahada ya kuingia kwenye uanasheria Marekani: kwa kawaida ni miaka mitatu, na anayeiomba awe na shahada ya kwanza ya fani yoyote. LLM, yaani uzamili wa sheria, ni ya mtu ambaye tayari amesoma sheria, nayo huchukua kama mwaka mmoja. Asiye mwanasheria, mfano ofisa misitu au mhandisi wa maji, ana shahada za uzamili za sheria na sera ya mazingira. Kwa maoni yangu, mwenye shahada ya sheria asikimbilie JD bila sababu nzito. Ada ya miaka mitatu si mchezo. Ila kama unataka kuwa wakili hukohuko, soma kwanza masharti ya jimbo utakalofanyia kazi. Kila jimbo lina yake, na katika majimbo mengi LLM peke yake haitoshi.

Ukishaamua JD, fungua akaunti LSAC, taasisi inayokusanya nyaraka za waombaji na kuzipeleka shuleni. Utafanya LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria, unaopimwa kati ya alama 120 na 180. Ukinunua vitabu vya mitumba vya kujiandalia, ujue sehemu ya mafumbo ya mantiki iliondolewa Agosti 2024, usipoteze usiku wako huko. Shule nyingi za sheria hupokea pia GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya uzamili. LLM na zile shahada za uzamili za wasio wanasheria hazidai LSAT.

Sasa kazi ngumu: matokeo yako ya chuo. LSAC huyataka yatoke moja kwa moja kwa chuo ulichosoma. Nakala uliyoipiga chapa mwenyewe, hata ikiwa na mhuri wa wakili, haipokelewi. Nenda kwa msajili mapema, peleka fomu ya LSAC, lipa kinachotakiwa, kisha fuatilia bila kuona haya. Maombi mengi hukwama kwenye dawati hilo, si kwenye mtihani. Wakati huohuo waombe walimu wanaokufahamu barua za mapendekezo, na kama hukusoma kwa Kiingereza, jiandikishe mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS.

Barua ya kujieleza usiijaze mapenzi kwa maumbile. Kila mwombaji anayapenda. Eleza shauri moja unalolijua kwa undani: kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni, wanakijiji walioondolewa kupisha hifadhi, kibali cha mgodi kilichotolewa bila tathmini. Sema sheria ilishindwa wapi, na unataka kujifunza nini ili uirekebishe. Kurasa mbili zinatosha.

Ukikubaliwa, omba msaada wa ada kabla ya kusema ndiyo. Halafu onyesha taarifa za benki au barua ya mfadhili, shule ikutolee fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba imekupokea. Bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, F-1. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, lipia viza dola 185, kisha panga mahojiano ubalozini. Masomo yanayofanyika mtandaoni tu hayakupi viza hii, hata yakiwa ya shule hiyohiyo. Na usikate tiketi mapema mno: mwenye F-1 mpya haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20.