Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua sili ya beringi inayojipanga yenyewe

Nazungumzia beringi za roli zenye tumbo, zile ambazo pete ya nje imechimbwa kwa umbo la tufe ili shafti ikiinama kidogo, beringi iifuate. Utazikuta kwenye konveya, feni kubwa na mashine za kupondea mawe. Nyingi nilizozifungua hazikuuawa na mzigo. Zilikufa kwa vumbi na maji yaliyopenya kwenye sili, yaani kile kizibo cha pengo linalobaki pembeni mwa shafti. Kwa hiyo, uwe unachora mashine mpya au unabadilisha hauzingi (nyumba ya beringi) ya zamani, maliza suala la sili kabla hujaagiza beringi. Watu wanabishana wiki nzima kuhusu chapa ya beringi, halafu sili wanachukua yoyote iliyopo stoo.

Amua kwanza unazuia nini. Mdomo wa sili, ule ukingo laini unaogusa shafti, huelekezwa kwenye kile unachokizuia. Ukitaka grisi isitoke, mdomo utazame ndani. Ukitaka vumbi lisiingie, utazame nje, na hapo grisi chakavu itapata pa kutokea unapopiga mpya. Ukihitaji vyote viwili, weka midomo miwili.

Joto halina mjadala mrefu. Mpira mweusi wa kawaida, naitraili, unatosha hadi nyuzi 100. Kukiwa na joto zaidi ya hapo, chukua wa florokaboni, ambao wengi wanauita Viton, unaofika nyuzi 200. Ni ghali, kwa hiyo usiuagize kwa mazoea.

Kasi ikokotoe, usikisie. Chukua kipenyo cha shafti kwa milimita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 60,000. Utapata mita kwa sekunde. Shafti ya mm 90 inayozunguka mara 1,500 inakupa mita 7 kwa sekunde. Felti, sili ya sufi iliyoshindiliwa, inaishia kwenye mita 4, kwa hiyo hapo itaungua. Labirinthi, pete yenye mitaro inayozunguka na shafti ndani ya mitaro ya hauzingi, haigusi kitu, hivyo kasi haiisumbui.

Uso wa shafti unapopita mdomo wa sili uwe laini, Ra (kipimo cha ukwaru) ya mikroni 0.2 hadi 0.5, na usiwe na alama za kukereza zinazozunguka kwa mshazari, kwa sababu alama hizo husukuma oili nje shafti inapozunguka. Pitisha kucha. Ikinasa kwenye mtaro, usifunge sili mpya hapo. Kereza au weka slivu, yaani bomba jembamba la kuvisha shafti.

Sasa mwinamo, na hapa naomba usome taratibu. Kiwanda kimoja cha saruji nilichofanyia kazi ya matengenezo kilikuwa na pulii ya mkia, ile ya mwisho wa nyuma wa mkanda, kwenye konveya ya mawe ya chokaa, iliyokuwa ikila beringi za upande mmoja tu. Shafti mm 90, beringi namba 22220 juu ya slivu ya kubana (inayoishikilia kwenye shafti), hauzingi ya vipande viwili, labirinthi pande zote mbili. Kwenye mchoro hapakuwa na cha kulaumu: vumbi jingi, na labirinthi haichakai kwa kuwa haigusi. Lakini beringi ikibadilishwa, haikawii kuanza kuunguruma tena. Stoo wakaambiwa wamenunua beringi feki. Kijana wa grisi akaambiwa mvivu, akaongezewa ratiba, akawa anasukuma grisi mpaka inamwagika chini, na bado akasemwa hadi akahamishwa. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kijana hakuwa na kosa.

Mara ya mwisho tulipoifungua, fundi mkuu, mzee wa makamo, alikataza mtu yeyote kufuta grisi. "Acheni hivyo hivyo, wanangu, tuangalie kwanza." Ndani ya mitaro ya labirinthi grisi ilikuwa imekauka kama ugali uliolala, rangi ya kijivu, na ukiisugua kwa vidole unasikia mchanga. Ndipo tukafuta hauzingi polepole. Upande wa pulii chuma kilikuwa kinang'aa juu. Upande wa nje kilikuwa kinang'aa chini. Kwingine kote kulikuwa na rangi yake ya zamani. Pete za labirinthi, kwa kuwa zinazunguka, zilikuwa zimekwaruzika mzunguko mzima. Shafti na hauzingi havikuwa sambamba.

Mzee akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini ya mguu wa hauzingi. Upande mmoja iligoma, upande wa pili ikazama. Kuna mtu alikuwa akitafuta kimo, akachomeka bati la mm 2 ukingo mmoja tu. Upana wa mguu ule ni kama mm 110, na mm 2 kwa upana huo ni digrii 1. Beringi inavumilia mwinamo huo bila kelele, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Labirinthi ya hauzingi za aina ile inavumilia digrii 0.3 tu. Pete ikawa inasaga hauzingi upande mmoja na kufungua nafasi upande mwingine, na vumbi likaingia hapo. Tuliweka pleti nzima iliyokerezwa sawasawa chini ya mguu wote, tukapima upya, tukafunga labirinthi mpya ya aina ileile. Ugonjwa ukaisha.

Kwa hiyo usiulize beringi inaruhusu digrii ngapi, uliza sili inaruhusu ngapi. Kwenye hauzingi za kawaida za vipande viwili, felti huvumilia karibu digrii 0.5, na sili ya midomo miwili digrii 1 kwa shafti isiyozidi mm 100. Pete ya V, inayozunguka na shafti na kugusa uso wa pembeni wa hauzingi, inafuata mwinamo vizuri kuliko labirinthi. Na kama mchoro ni wako, isogeze sili karibu na katikati ya beringi, kwa sababu shafti inayumbia hapo. Kwa digrii 1, sili iliyo mm 60 kutoka katikati inaona shafti ikihama mm 1. Iliyo mm 30 inaona nusu yake.

Kumbuka pia shafti hurefuka. Ya mita 3 ikipata joto la ziada la nyuzi 50 inaongezeka karibu mm 1.8. Upande ambao beringi imeachwa huru, iachie labirinthi nafasi ya kutembea, la sivyo pete itagonga ukuta.

Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Beringi yenye alama ya W33 ina mtaro na matundu katikati ya pete ya nje. Ilishe hapo, grisi itatoka pande zote mbili na kusukuma uchafu kwenye sili zote. Piga kidogo kidogo mashine ikizunguka, ukiwa umesimama nje ya kinga. Usimwagie maji beringi ya moto, kwa sababu ikipoa ghafla huvuta unyevu ndani.

Mengine ni ya kawaida. Kifuniko cha hauzingi moja usikiweke kwenye nyingine. Felti iloweke kwenye oili ya nyuzi 80 kabla ya kufunga. Mdomo ukipita kwenye njia ya kii (mtaro wa kabari kwenye shafti), funika kingo kwa tepu. Sili isigongwe kwa bisibisi, isitundikwe kwenye msumari, isikae juani. Na ukikuta Viton iliyoungua kwenye hauzingi iliyoshika moto, usiiguse kwa mkono mtupu na usiikate kwa gesi. Ikipita nyuzi 300 hutoa asidi ya floridi ya hidrojeni, inayokula ngozi mpaka mfupani. Pitisha hewa, vaa glavu nzito, mwite msimamizi wa usalama kabla hujaanza kuchokonoa.