Kuanza kazi ya sarvei ya akiolojia na ramani kwenye ardhi ya umma Marekani, hatua kwa hatua

Watu wakisikia akiolojia wanawaza kuchimba, mtu kapiga magoti anapangusa mfupa kwa brashi. Ukweli ni kwamba kwa anayeanza kwenye ardhi ya umma huku magharibi mwa Marekani kuchimba utakuona kwa nadra sana, kazi yenyewe ni kutembea ukiangalia chini, kupima, kupiga picha na kujaza fomu, na jioni unarudi mikono mitupu maana ulichokiona kimebaki palepale ulipokikuta. Unachorudi nacho ni data. Sasa kipimo chako kama mgeni wa kazi ni hiki: mtu asiyekujua akiishika fomu yako miaka ishirini ijayo, je atafika mahali hapo na kukuta ulichokiandika? Hatua zote hapa chini zinahusu hilo swali tu.

Hatua ya 1: Elewa kwanini unalipwa kutembea

Shirika la BLM, yani lile la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma, peke yake lina kama ekari milioni 245, nyingi ziko majimbo ya magharibi na Alaska, alafu kuna Idara ya Misitu yenye kama milioni 193. Sheria ya uhifadhi wa historia ya 1966, kifungu cha 106, inasema kabla taasisi ya serikali kuu haijatoa kibali au hela ya mradi, iwe bomba, barabara, nguzo za umeme, mgodi au hata kupunguza miti kuzuia moto, lazima kwanza iangalie mradi utaathiri nini cha kihistoria. Hapo ndo ajira inapotokea, mtu lazima apite kwa miguu aone kuna nini.

Sheria nyingine ya kuikariri ni ARPA ya 1979, ile ya kulinda mali za akiolojia. Kuchimba au kuondoa vitu vya kale bila kibali ni jinai, kosa la kwanza ni faini mpaka dola 10,000 na jela mpaka mwaka mmoja, na kama thamani ya vitu pamoja na gharama za kutengeneza uharibifu inazidi dola 500 inapanda mpaka dola 20,000 na miaka miwili. Kwa hiyo usiweke kitu mfukoni, hata kigae cha chungu, hata "nimuoneshe tu bosi". Muite bosi aje akione hapohapo.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa kuingilia

Milango iko mitatu. Kwanza vikosi vya uhifadhi vya vijana, malipo ni ya kujikimu tu ila unapata uzoefu, na ukifikisha masaa 640 ya kazi chini ya mpango wa Public Lands Corps unapata haki ya kuajiriwa kwenye nafasi za serikali kuu bila kupitia ushindani wa kawaida, haki hiyo inadumu miaka miwili. Watu wengi wanaipoteza kizembe kwa kutodai cheti, we dai cheti chako siku ya mwisho ya kazi kabla timu haijatawanyika. Pili kuna nafasi za fundi wa akiolojia serikalini, zinatangazwa USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, ngazi za mshahara za GS-4 na GS-5, na kwa kawaida wanataka raia wa Marekani, hilo lijue mapema usipoteze muda. Tatu ni kampuni binafsi za ushauri, hizi ndo zinafanya sehemu kubwa ya sarvei, na wengi wao watakuuliza kama umepita shule ya uwandani, yani ile kozi ya wiki kadhaa ambayo unalipia mwenyewe. Kwa maoni yangu ni mfumo usio wa haki kwa mtoto wa maskini lakini ndo uliopo. Kama huna hela ya kozi, jitolee kwanza: Idara ya Misitu ina mpango wa Passport in Time, na majimbo kama Utah, Nevada na Arizona yana walinzi wa kujitolea wanaopewa eneo la kulikagua mara kwa mara. Unajifunza bure na unapata mtu wa kukuandikia barua.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ya ramani ukiwa nyumbani

Hii ndo itakutofautisha na wenzako, na haina gharama. Pakua QGIS, ni programu ya ramani ya bure. Ingia kwenye kumbukumbu za GLO mtandaoni, ile ofisi ya zamani ya ardhi, tafuta ramani ya wapima ardhi wa miaka ya 1800 ya eneo lolote la Utah au Nevada. Utaona wamechora ardhi kwa mraba wa maili sita kwa sita, ndani yake sekisheni 36, kila moja maili moja ya mraba sawa na ekari 640. Ile ramani ifunge kwenye kodineti kwa kutumia pembe za sekisheni, chukua angalau pembe nne zilizo mbalimbali, usizirundike upande mmoja, alafu weka picha ya satelaiti chini yake. Utashangaa, barabara ya magari ya farasi iliyochorwa kwa wino bado inaonekana kama mstari hafifu jangwani. Ukifika kazini unajua tayari kwamba mstari huo utaukata sehemu fulani, wakati mwenzako anauruka bila kuuona.

Hii kazi ya kupekua kumbukumbu kabla ya kutoka ndo BLM wanaita Daraja la I. Daraja la II ni sarvei ya sampuli, Daraja la III ni kutembea eneo lote, na kibarua mpya muda wake mwingi unaishia kwenye hilo la tatu.

Hatua ya 4: Weka sawa jipiesi na dira KABLA ya kushuka kwenye gari

Hapa ntakaa kidogo maana ndo data nyingi zinapoharibikia.

Angalia datamu, yani mfumo wa marejeo ambao kodineti zimepimwa kwake. Ramani za zamani za karatasi na fomu nyingi za miaka ya nyuma zimetumia NAD27, siku hizi tunatumia NAD83. Ukichukua namba za NAD27 ukazisoma kama NAD83 huku magharibi unakosea kama mita 200 kaskazini au kusini. Mita 200 ni bonde jingine kabisa, utazunguka asubuhi nzima unatafuta duara la mawe ambalo halipo. Fomu ya zamani isiposema datamu, jaribu zote mbili kabla hujaandika kwamba mahali pamepotea.

Angalia zoni ya UTM, yani kanda za ile gridi ya mita inayogawanya ramani ya dunia. Nevada ni zoni 11, Utah ni zoni 12, na mpaka wa zoni unapita karibu kabisa na mpaka wa hayo majimbo, sasa ukifanya kazi pembezoni pale angalia mara mbili.

Dira nayo irekebishe. Kaskazini ya sumaku maeneo hayo imeegemea mashariki kwa kama nyuzi 11, inabadilika kidogokidogo kila mwaka kwa hiyo tafuta namba ya mwaka huu. Usiporekebisha, kwenye kila mita 100 unazotembea umeenda pembeni karibu mita 19, yani umeingia kwenye mstari wa jirani yako na wa kwako umebaki haujatembelewa na mtu.

Hatua ya 5: Tembea mistari

Mnajipanga safu, nafasi ya mita 15 kati ya mtu na mtu (baadhi ya majimbo yanaruhusu mpaka 30, soma mwongozo wa jimbo), wote mnaelekea upande mmoja. Piga hesabu ujue mwili wako unaingia kwenye nini: robo ya sekisheni ni ekari 160, upande wake nusu maili, mita 800 na kidogo. Watu wanne kwa mita 15 mnafunika upana wa 60, kwa hiyo ni kama mizunguko 14, na kila mtu atakuwa katembea kilomita 11 juani kwenye vichaka, hapo bado hamjakuta kitu cha kurekodi.

Macho yasitulie mbele tu, yazungushe kushoto, kulia, na kila baada ya muda geuka nyuma uangalie ulikotoka kwa sababu mwanga ukipiga upande mwingine kibanzi cha obsidiani (jiwe la volkano kama kioo) kinang'aa ambacho ulikipita hivihivi. Asubuhi na jioni jua likiwa chini ndo unaona vizuri. Angalia vichuguu vya sisimizi na udongo uliofukuliwa na wanyama, wanakuchimbia bure. Na usimuache mtu wa pembeni apotee machoni, safu ikipinda sarvei yote imepinda.

Maji beba zaidi ya unavyodhani, usipeleke mkono mahali usipopaona maana kuna nyoka wa njuga, na msimu wa uwindaji vaa fulana ya rangi ya chungwa. Uzio ukiuona simama kwanza angalia ramani. Kaskazini mwa Nevada kando ya reli ardhi iligawiwa sekisheni moja ya umma, inayofuata ya mtu binafsi, ukikosea hatua chache tu tayari umeingia kwa mtu.

Hatua ya 6: Umekuta kitu, sasa?

Ita "simama", safu yote isimame. Chomeka kibendera. Usikiokote bado. Wenzako wanasogea taratibu wanachomeka vibendera kila kitu wanachokiona, mpaka mnafika pembeni ambako vitu vimeisha, hapo ndo mnaona umbo la mahali. Kama ni kimoja au viwili tu kitaandikwa kama kitu pweke, kama vimezidi idadi ambayo jimbo limeweka basi ni eneo na linapewa namba, kwa mfano zinazoanza na 42 ni Utah, 26 ni Nevada, inafuata herufi za kaunti na namba ya mfululizo.

Mawe: jiwe lililovunjika lenyewe na jiwe lililochongwa na mtu hayafanani. Kibanzi cha mtu kina kasehemu bapa pale lilipopigwa, chini yake kauvimbe, na mawimbi yanayotanuka kutoka hapo. Pitisha kidole kwa upole utakasikia hako kauvimbe. Jiwe lenye pembe kali tu bila hivyo vitu, liache.

Makopo: wageni wanayadharau, mi nayapenda kuliko mishale kwa sababu yanasema tarehe. Kopo lenye tundu la mviringo juu lililozibwa kwa kifuniko kidogo na tone la lehemu ni la zamani, karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa ya 20. Kopo la kingo zilizokunjwa bila lehemu ni kuanzia 1904. Kopo la bia haliwezi kuwa kabla ya 1935, na lenye pete ya kuvuta ni miaka ya 60 kuendelea. Chupa ya kizibo cha bati chenye meno haitangulii 1892, na kioo kilichogeuka zambarau juani kina manganizi, kwa kawaida ni cha kati ya miaka ya 1880 na Vita ya Kwanza ya Dunia. Pima kipenyo na urefu, andika yote. Na kwa kuwa kigezo cha kawaida cha kihistoria ni miaka 50, takataka za watalii wa miaka ya 60 na 70 mwanzoni nazo zimeshaingia, cheka lakini rekodi.

Hatua ya 7: Ramani ya mkono na picha

Jipiesi ya kawaida inakosea mita 3 mpaka 5, kwa hiyo vitu vilivyo karibu karibu visiachie satelaiti. Chagua pointi moja ya kudumu, ichukulie kodineti vizuri, alafu kila kitu kipime kwa dira na tepu kutoka hapo: nyuzi 140, mita 22.5, jiko la mawe. Chora mpaka, njia ya maji, barabara, mshale wa kaskazini (andika ni kaskazini ipi), skeli, tarehe, waliochora. Picha kila moja na kipimio ndani yake, na uandike unaangalia upande gani. Zima GPS ya kamera ya simu yako binafsi na usiposti mtandaoni, mahali pa maeneo haya panalindwa kisheria yasijulikane na waporaji.

Ukikuta mifupa inayofanana na ya binadamu kila kitu kinasimama. Usiguse, usipige picha, rudi nyuma ulikotokea, mwambie kiongozi. Kuna sheria ya 1990 inayohusu haki za makabila ya wenyeji juu ya mabaki ya wazee wao, na simu inayofuata sio ya kwako kuipiga.

Hatua ya 8: Jioni kabla hujala

Hamisha data sehemu mbili tofauti. Fungua pointi zote kwenye ramani uzitazame kwa macho, ile iliyorukia jimbo la jirani utaiona mara moja. Linganisha namba za picha na daftari. Maelezo ya eneo yaandike siku hiyohiyo, kuanzia namna ya kufika: kutoka makutano gani, kilomita ngapi, acha gari wapi, tembea upande upi. Fomu ikirudi kutoka ofisini imejaa maswali ya mkaguzi, mengi yatakuwa kwenye hiyo aya ya kufika, na kuyajibu wiki tatu baadaye ukiwa kaunti nyingine ni shughuli.