Kupata mfuatano wa miito programu ya C inapoanguka

Programu ya C inapogusa kumbukumbu isiyo yake, Linux huikatisha kwa ishara ya SIGSEGV, yenye nambari 11, na mara nyingi kinachobaki kwenye terminali ni maneno "Segmentation fault" tu. Habari za funksheni ipi iliiita ipi zimo ndani ya staki, yaani sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito ya funksheni, lakini ili zisomeke kwa majina na nambari za mistari ni lazima uziandae mapema, wakati wa kukompaili:

gcc -g -Og -fno-omit-frame-pointer -rdynamic hesabu.c -o hesabu

Chaguo la -g huhifadhi uhusiano kati ya anwani na mistari ya msimbo. Huongeza ukubwa wa faili bila kupunguza kasi, kwa hiyo sioni sababu ya kuliacha hata katika toleo la kazi. Chaguo la -rdynamic huweka majina ya funksheni mahali ambapo programu yenyewe inaweza kuyasoma. Ukitumia -O2 badala ya -Og, kompaila huweza kumeza funksheni ndogo ndani ya zile zinazoziita, na mfuatano ukaonekana una mapengo.

Ikiwa hitilafu inajirudia kila unapoijaribu, usiandike msimbo wowote wa ziada. Fungua programu ndani ya gdb, chombo cha kuchunguza hitilafu, kwa gdb --args ./hesabu data.txt, andika run, na ikianguka andika bt. Amri ya bt full huongeza thamani za vigeu vya kila funksheni, na thread apply all bt huonyesha miito ya nyuzi (threads) zote.

Kazi ngumu ni hitilafu inayotokea kwenye seva pasipo mtu wa kuitazama. Hapo programu yenyewe ndiyo itoe mfuatano wake, kwa kutumia execinfo.h ya glibc, maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux:

#include <execinfo.h>
#include <signal.h>
#include <unistd.h>

static void toa_miito(int ishara)
{
    void *anwani[64];
    int idadi = backtrace(anwani, 64);
    backtrace_symbols_fd(anwani, idadi, STDERR_FILENO);
    signal(ishara, SIG_DFL);
    raise(ishara);
}

Mwanzoni mwa main, ita backtrace mara moja bila kutumia jibu lake, kisha andika signal(SIGSEGV, toa_miito). Mwito huo wa kwanza si wa bure: backtrace ikitumiwa kwa mara ya kwanza hupakia maktaba ya libgcc na huenda ikaita malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu, jambo la hatari ikiwa programu imeanguka ikiwa katikati ya malloc hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo pia usitumie printf wala backtrace_symbols ndani ya toa_miito. Ile yenye _fd huandika moja kwa moja bila kuomba kumbukumbu. Mistari miwili ya mwisho hurudisha tabia ya kawaida ya ishara, ili faili la core, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka, bado liweze kuandikwa endapo umeruhusu kwa ulimit -c unlimited.

Funksheni zilizotangazwa static hazitaonyesha jina, bali kitu kama ./hesabu(+0x11c9), kikifuatiwa na anwani ndefu katika mabano ya mraba. Iache hiyo ndefu, kwa kuwa kwa kawaida hubadilika kila programu inapoanzishwa, na utumie ile fupi kupata jina na mstari:

addr2line -f -e ./hesabu 0x11c8

Nimepunguza moja kwa makusudi, kwa sababu anwani iliyorekodiwa ni ya kurejea baada ya mwito, na bila kuipunguza unaweza kupelekwa kwenye mstari unaofuata. Usiipunguze kwa funksheni iliyoanguka yenyewe, ambayo hutokea baada ya mistari ya juu ya toa_miito na ya libc.

Njia hii haishiki hitilafu ya staki kujaa, kama ile ya funksheni inayojiita bila kikomo, kwani toa_miito nayo inahitaji nafasi kwenye staki hiyo hiyo; itengee staki yake kwa sigaltstack, na uisajili kwa sigaction yenye SA_ONSTACK badala ya signal.